Pointi za Wa Mwisho

Ukitaka kumjua Mektrida vizuri, usimwendee mwezi wa pili au wa tatu. Miezi hiyo ana nafasi, atakutolea kopi ya kitambulisho huku anapiga soga na kukucheka ulivyotoka kwenye picha. Mwendee mwezi wa saba, juma lile matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, wakati benchi la nje ya duka lake la steshenari pale Njoro limejaa hadi watu wanakalia matofali ya jirani. Utamkuta ameinamia kompyuta, miwani imeshuka puani, chai imepoa tangu saa mbili, na hata ukimsalimia atakuitikia bila kugeuka. Ana miaka hamsini na mbili, na kila mwezi wa saba unamwongezea mingine kumi.

Wanaokaa kwenye benchi ni wazazi na watoto wao, na wote wanatafuta kitu kimoja, chuo. Katika hao, nusu wanataka udaktari. Huku kwetu mlimani mtoto akishasoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, ukoo mzima unaanza kumwita daktari kabla hata hajafanya mtihani, na shangazi zake wanaanza kumwonyesha magoti yanayouma. Ni uonevu, lakini ndivyo tulivyo. Mtoto mwenye A tatu ana pointi tatu, hapo ndipo juu kabisa. Herufi zikishuka pointi zinapanda, na kadiri zinavyopanda ndivyo mzazi anavyozidi kunyamaza pale benchini.

Kazi ya Mektrida ni kuwajazia maombi kwenye mitandao ya vyuo. Angeweza kuifanya kama wenzake wa mjini wanavyoifanya, abonyeze tu na aite mwingine. Yeye ana daftari. Kila mwaka vyuo vinapotoa majina ya waliochaguliwa, majina yanakuja na namba za mtihani. Mektrida anazichukua zile namba moja baada ya nyingine, anazitafuta kwenye matokeo yaliyotangazwa, anaona kila mmoja alipata nini, mpaka amfikie aliye chini kuliko wote. Huyo anamwita wa mwisho. Kisha anaandika: chuo fulani, udaktari, wa mwisho pointi nne. Chuo kingine, wa mwisho pointi sita. Miaka kumi na moja amefanya hivyo, macho yameisha, na hakuna aliyemtuma.

Mwenyewe alisoma mpaka darasa la saba kule Kibosho. Alifaulu ila hakuchaguliwa, na wakati ule wala hapakuwa na wa kumuuliza kwa nini. Walisema nafasi hazikutosha, yakaisha. Akapelekwa kwa masista kujifunza kupiga chapa, akaajiriwa kwenye ofisi ya kahawa, akapiga chapa barua za watu wengine miaka kumi na mitano, mpaka ofisi ikapunguza watu na yeye akawa mmoja wa waliopunguzwa. Hakuolewa. Ukimuuliza sababu, atakuambia alikuwa na shughuli.

Daftari ndilo lililompa jina. Miaka miwili iliyopita aligundua chuo kimoja kusini, mbali kweli kweli, ambacho watu wa huku hawakukifikiria, na wa mwisho wake kwenye udaktari alikuwa na pointi saba. Akawaelekeza huko watoto sita, wakaingia wote sita. Basi! Habari ilipanda mlima haraka kuliko bodaboda. Jumapili ilitangazwa nje ya kanisa Kibosho, Jumatatu ikawa sokoni, Jumanne ikafika Masama. Watu wakasema yule mama wa Njoro ana mkono wa kheri. Wapo wazazi waliokataa katakata mtoto wao abonyeze mwenyewe kitufe cha kutuma maombi. Lazima abonyeze Mektrida, na wengine walimwomba afanye kwanza ishara ya msalaba. Aliwacheka, lakini aliifanya.

Mwaka huu ulikuwa mwaka wa Gladys. Gladys ni mtoto wa Basili, kaka yake Mektrida, aliyefariki binti akiwa na miaka minne. Mama wa mtoto akaolewa kwingine, Mektrida akamchukua, na wamekuwa wawili nyumbani kwao Rau tangu hapo. Amemlea kwa kelele nyingi na mapenzi mengi zaidi. Matokeo yalipotoka, Gladys alikuwa na A moja na B mbili. Pointi tano. Mektrida alilia mbele ya wateja bila aibu, akafungua daftari, akaona kuwa mwaka jana wa mwisho wa kile chuo cha kusini alikuwa na sita, akamjazia Gladys chuo hicho mwanzo kabisa.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo lisingeweza kufanywa na mtu mwingine yeyote Moshi nzima, kwa sababu ushauri huo huo alikuwa amempa kila aliyekaa kwenye benchi. Nao walikwenda kuwaambia ndugu zao, na ndugu wakaambiana kanisani. Majina ya dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, yalipotoka, wa mwisho pale kusini alikuwa na pointi tatu. Mektrida alikaa akahesabu. Watoto thelathini na mmoja alikuwa amewajazia kwa mkono wake mwenyewe, na aliwasukuma wote kwenye mlango mmoja. Walizuiana wao kwa wao, majirani kwa majirani.

Na wakati huo huo Fredy wa mtaa wa pili, mwenye pointi nane, aliyejijazia mwenyewe kwenye simu huku anatazama mpira, alibonyeza kwa makosa chuo kipya ambacho hata mahali kilipo hakupajua. Akachaguliwa udaktari! Alipokuja dukani kuomba atafutiwe chuo hicho kwenye ramani, Mektrida alimwambia mtandao haupo.

Dirisha la pili likafunguliwa, likafungwa. Hapakutoka kitu. Mektrida hakuliamini tena daftari lake, lakini watu waliendelea kuliamini, na hilo lilimchosha kuliko kazi yenyewe. Mzazi aliyekosa mara mbili alikuja mara ya tatu na tabasamu lile lile, akakaa pale pale, akasema, "Haya mama, tujaribu tena, mkono wako ndio tunaoujua." Angependa mmoja wao amtukane. Hakuna aliyemtukana.

Nyumbani Gladys aliacha kusuka nywele. Alikuwa anapika, anafua, anamwagilia mboga, kisha anakaa kwenye ngazi ya jikoni na kutazama kuku. Siku moja Mektrida akiwa anamenya ndizi za mtori, binti akauliza bila kuinua kichwa, "Shangazi, niambie ukweli. Pointi tano ni vibaya?"

"Si vibaya."

"Sasa mbona Fredy ana nane?"

Mektrida akaendelea kumenya. Alikuwa na uwezo wa kumweleza mambo ya nafasi na idadi ya waombaji, alikuwa akiyaeleza tangu asubuhi mpaka jioni kwa watoto wa watu. Akasema tu, "Lete maji tuweke motoni."

Dirisha la tatu lilifunguliwa siku ya Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Saa mbili asubuhi Mektrida alikuwa ameshafika dukani, ameshapitia mtandao wa kila chuo, na kila mahali palipoandikwa udaktari palikuwa pameandikwa nafasi zimejaa. Kisha akafungua chuo kimoja cha kanda ya ziwa, kidogo, na macho yake yakasimama. Udaktari, nafasi mbili. Alijaza jina la Gladys, akahakiki namba ya mtihani mara tatu, akatuma. Hakufanya ishara ya msalaba, alisahau.

Saa tatu wakaingia Mama Victoria na Victoria mwenyewe, wametoka Masama. Mama Victoria ni mama mfupi, mchangamfu, anayelima kahawa na migomba na kuongea na kila mtu. Jina lake la ubatizo ni Eliona, ingawa hata mumewe halitumii. Binti yake ni mrefu, mpole, na ana A mbili na B moja. Pointi nne. Alikuwa miongoni mwa wale thelathini na mmoja.

"Za asubuhi, dada," akasema Mama Victoria. "Tumekuja tena kukusumbua."

"Nzuri. Karibuni."

"Shikamoo mama," akasema Victoria.

"Marahaba, mwanangu. Kaeni."

Wakakaa. Mektrida akageukia kompyuta. Nafasi ni mbili. Nchi nzima inazitafuta, na huenda moja imeshaondoka wakati tunaongea. Victoria ana nne, Gladys ana tano. Akimjaza huyu, anampanga mbele ya mtoto wake kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyofanya kule kusini.

"Udaktari umeisha," akasema.

"Kote?" akauliza Mama Victoria.

"Kote. Nimeangalia tangu saa mbili."

Victoria alisogeza kiti kidogo, akataka kutazama kioo cha kompyuta, kisha akaona kama anamkosea mtu mzima heshima, akarudisha kiti. Mektrida aliliona hilo. Aliliona vizuri, na bado akasema, "Tumjazie ualimu wa sayansi. Ajira yake haina shida sana, na yuko vizuri kwenye Kemia."

Mama akamtazama binti, binti akatazama sakafu, kisha akaitikia kwa kichwa. "Wewe ndiye unayejua, dada," akasema Mama Victoria. "Bonyeza wewe."

Akabonyeza.

Siku kumi baadaye Gladys alichaguliwa. Alipiga kelele mpaka majirani wa Rau wakatoka wakidhani ni nyoka, na walipoambiwa wakapiga vigelegele, na mmoja akaleta soda. Mektrida alimkumbatia, akacheka, akalia, akala. Kesho yake alikwenda dukani kama kawaida na kufanya kile ambacho mikono yake imezoea kufanya. Alifungua orodha ya chuo kile cha kanda ya ziwa. Majina ni mawili, la Gladys na la kijana mmoja wa mkoa mwingine. Akachukua namba ya yule kijana, akaitafuta kwenye matokeo.

Pointi sita.

Alivua miwani, akaifuta, akatazama tena. Ilikuwa sita. Maana yake ni kwamba angemjaza Victoria asubuhi ile, Victoria angeingia na Gladys angeingia, na anayekosa angekuwa mtu asiyemjua, aliye mbali. Hakuna alichomwokolea mtoto wake. Alidanganya bure. Alikaa na jambo hilo asubuhi nzima, akatoa kopi za watu zimepinda, akarudishiwa, akazitoa upya.

Alifikiria kulirekebisha. Lakini hata Gladys angeiacha ile nafasi, isingekwenda kwa Victoria, kwa sababu jina lake halimo kabisa kwenye orodha ya walioomba. Dirisha lilikuwa limefungwa, na tume ya vyuo vikuu ilishatangaza kwamba halitafunguliwa jingine mpaka mwakani. Na mwakani nani anajua, pengine wa mwisho atakuwa na tatu, pengine nane.

Angeweza kunyamaza. Wengi wangenyamaza, na mimi sijui ningefanya nini. Kilichomshinda ni Mama Victoria mwenyewe, aliyeingia dukani Ijumaa amebeba mkungu wa ndizi za mchare kichwani na chupa ya maziwa mkononi.

"Victoria amechaguliwa ualimu," akasema, akitua mkungu sakafuni. "Alilia siku mbili, sasa ametulia. Nimeona nije nikushukuru. Umehangaika na sisi tangu mwezi wa saba."

"Mama Victoria, hizi ndizi..."

"Nyamaza, pika. Na mtoto wako je?"

"Amepata," Mektrida akasema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza. "Udaktari."

Ungedhani Mama Victoria angeuliza wapi, lini, kwa vipi. Hakuuliza. Alipiga vigelegele pale pale dukani, akamshika Mektrida mabega akamtikisa kwa furaha. "Mungu mkubwa! Angalau mmoja wetu. Haika, asante sana. Akirudi ni daktari ndiye atakayenitibu mgongo huu." Akaondoka anacheka. Mektrida alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, na hakuweza kuzipika zile ndizi.

Jumamosi akaenda Masama. Kwetu, ukimkosea mtu kosa kubwa, unachuma jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani, unalifunga fundo na kumpelekea uliyemkosea. Akiliona jani hilo hana budi kusamehe. Hata awe na hasira kiasi gani, kulikataa ni jambo la hatari, na wazee hawalitaki kabisa. Mektrida alichuma lake Rau, akalifunga, akaliweka kwenye mkoba. Akashuka gari Kwa Sadala, akapanda bodaboda mpaka ilipoishia barabara nzuri, kisha akatembea.

Kabla hajafika nyumbani kwa Mama Victoria alisimama kwenye njia, kati ya migomba ya watu wawili. Alilitoa jani akalitazama. Akafikiri kwamba ameshamnyima binti nafasi ya kuchagua. Sasa alikuwa anakwenda kumnyima mama nafasi ya kukasirika. Alichoka na yeye mwenyewe kuliko alivyowahi kuchoka na kompyuta, foleni na mwezi wa saba vikijumlishwa. Akalitupa jani kwenye mibuni, akaingia mikono mitupu.

Mama Victoria alikuwa uani, ameanika kahawa, anatoa mbovu. Alimpokea kwa kelele, akamletea kigoda, akataka kukimbilia jikoni. Mektrida akamshika mkono.

"Kaa kwanza, Eliona."

Kusikia jina lake kulimfanya akae. Mektrida akamwambia. Hakuzunguka. Alisema nafasi zilikuwepo mbili, aliziona kabla hawajafika, alimjaza Gladys, akawaambia zimeisha. Alikiri kwamba alidanganya kwa sababu Victoria alikuwa na matokeo mazuri kuliko Gladys. Aliyasema yote akitazama kahawa, kisha akajilazimisha kumtazama mwenzake usoni.

Mama Victoria hakupandisha sauti. Miezi yote ile hakuwahi kuzielewa sawasawa hizo pointi. Alikuwa akisema tu mtoto wangu ana nne kama anavyotaja namba ya kiatu. Sasa alikunja uso, akionekana anafikiri polepole.

"Ile nafasi ya pili," akauliza. "Aliyechukuliwa ana ngapi?"

"Sita."

"Na wetu ana nne."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wangeenda wote. Wako na wangu."

"Ndiyo, Eliona. Wangeenda wote."

Mama Victoria aliokota punje ya kahawa, akaitazama, akairudisha mahali pake. Kuku wawili waliingia kwenye mkeka na hakuwafukuza.

"Naomba unisamehe," Mektrida akasema.

"Mimi?" Mama Victoria akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa makali. "Mimi sikukaa kwenye mtihani. Mimi nilikuwa nalala, yeye anasoma. Mwambie aliyesoma." Akasimama, akageukia mibuni iliyokuwa nyuma ya nyumba, akapaza sauti. "Victoria! Njoo hapa! Yule mama wa Njoro amekuja, ana habari yako!"

Mektrida alisikia kikapu kikitupwa chini, kisha miguu ikikimbia kwenye majani makavu. Victoria alitokea kati ya migomba, vidole vimechafuka kwa kahawa mbivu, anahema, uso wake wote umefunguka kwa furaha.

"Shikamoo mama," akasema. "Imepatikana?"